Umbo la Nyonga: Kipi Tumerithi, Kipi Tunaweza Kukijenga?

Yapo mambo ambayo akina mama huyazungumza kwa kunong'ona tu, kisimani, saluni au jikoni wakati wa sherehe, na mgeni akiingia maneno hukatishwa. Suala la makalio ni mojawapo. Wengine wanaona ni aibu kuliandika katika gazeti la familia. Sisi tumeona aibu kubwa zaidi ni kukaa kimya huku dada zetu wakimeza vitu wasivyovijua ili wapate umbo ambalo hawakuzaliwa nalo.

Lililotusukuma ni barua kutoka Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, mkoani Njombe. Aliyeiandika ni mama kijana, ambaye hatutamtaja jina. Anaeleza kuwa ameolewa miaka 2 iliyopita na ana mtoto wa miezi 7 ambaye bado ananyonya. Mawifi zake humtania kuwa ni ubao, na kwamba khanga kwake haina pa kushika. Mumewe, ambaye shughuli zake ziko Makambako, hajamtamkia neno baya. Hata hivyo mama huyu anasema amechoka kujitazama kwenye kioo. Rafiki yake akamletea kutoka Makambako vidonge vya aina mbili vilivyofungwa kwenye karatasi isiyo na maandishi yoyote, akaambiwa ameze kila jioni na nyonga zitajaa. Amemeza kwa wiki 6. Mashavu yamejaa, tumbo limejaa, usingizi umezidi na maziwa ya mtoto yamepungua. Nyuma hakujabadilika kitu.

Anatuuliza maswali mawili. La kwanza, kwa nini kupanda vilima kila siku kwenda shambani hakukumpa umbo, wakati watu wanasema mazoezi hujenga makalio? La pili, je, aendelee na vidonge hivyo?

Hili la pili halifai kusubiri. Mama mpenzi, chukua vidonge vilivyobaki, pamoja na karatasi yake, uende navyo kituo cha afya kesho asubuhi na si wiki ijayo. Usimpe mwenzako hata kimoja. Sababu tutazieleza mbele, kwa kuwa ni ndefu na zinawahusu wengi.

NDANI YA MAKALIO KUNA NINI?

Tukitaka kujua kipi kinabadilika na kipi hakibadiliki, yafaa tujue kwanza vilivyomo. Umbo la nyuma la binadamu hujengwa na vitu vitatu: mifupa, misuli na mafuta.

Mifupa ya nyonga ndiyo msingi. Mwanamke ana nyonga pana kuliko mwanamume kwa sababu ya njia ya mtoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, nchini Uswisi, walieleza mwaka 2016 kwamba nyonga ya msichana huanza kuachana na ile ya mvulana anapovunja ungo, ikazidi kupanuka hadi umri wa kati ya miaka 25 na 30, kisha baada ya miaka 40 ikaanza kupungua upana kidogo kidogo. Upana huo, pamoja na namna mfupa wa paja ulivyoingia kwenye kikombe chake, ndio unaoamua kama mtu ataonekana wa mviringo, wa mraba, au mwenye bonde dogo pembeni. Hakuna zoezi wala dawa inayobadilisha mfupa wa mtu mzima.

Juu ya mifupa ipo misuli mitatu kila upande. Mkubwa wa nje ndio msuli mkubwa kuliko yote mwilini. Chini yake kuna wa kati na mdogo, ambayo huzuia nyonga isilegee upande mmoja tunapoinua mguu kupiga hatua. Misuli hii inakua ikipewa kazi nzito na chakula, na inanywea ikiachwa.

Juu ya misuli kuna mafuta, na haya ndiyo hasa yanayotofautisha umbo la mwanamke mmoja na mwingine. Binti akifikia kuvunja ungo, homoni ya estrojeni huelekeza mafuta kwenye nyonga, makalio na mapaja. Si mapambo hayo. Ni ghala. Mwili huyatunza kwa ajili ya ujauzito na unyonyeshaji, na mama anaponyonyesha hutoa sehemu ya akiba hiyo na kuigeuza kuwa maziwa. Ndiyo maana akina mama wengi wanaonyonyesha huona nyonga zimepungua kidogo, wakadhani wana maradhi. La hasha! Mtoto anakula kutoka ghalani.

Inafaa tuongeze hapa jambo ambalo madaktari wa moyo wanalijua vizuri. Mafuta yaliyo kwenye nyonga na mapaja ni ya kheri kuliko yaliyo tumboni. Yale ya tumbo, hasa yaliyozunguka ini na utumbo, huambatana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo chepesi: pima kiuno, pima nyonga mahali palipo pana zaidi, kisha gawanya kiuno kwa nyonga. Kwa mwanamke, jibu likifika 0.85 au kupita, hatari huongezeka. Mwenye kiuno cha sentimita 72 na nyonga za sentimita 90 anapata 0.80, naye hata kama mawifi wanamwita ubao, yuko salama kuliko mwenye kiuno cha 100 na nyonga za 110, anayepata 0.91.

KAFUATA KWA SHANGAZI YAKE

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na macho. Mtoto akizaliwa utasikia: huyu kafuata kwa shangazi yake, huyu miguu ni ya bibi mzaa mama. Walikuwa sahihi kuliko walivyojua. Kila mmoja wetu hupokea nusu ya chembe za urithi kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Ndiyo maana dada wawili wa tumbo moja, waliolelewa nyumba moja na kula ugali wa sufuria moja, mmoja anajaa nyonga na mwingine ananyooka kama mwanzi. Nusu aliyoipata mmoja si ile ile aliyoipata mwenzake. Na binti anaweza kabisa kupokea umbo la dada wa baba yake ingawa baba mwenyewe ni mwembamba.

Jaribio moja la huko Quebec, nchini Kanada, linatupa picha nzuri. Mwaka 1990 mtafiti Claude Bouchard na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalisha vijana wa kiume jozi 12 za mapacha wa kufanana, yaani wale wenye chembe za urithi zile zile. Kila mmoja alipewa kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yake, siku 6 kwa wiki, kwa jumla ya siku 84. Chakula cha ziada kilikuwa sawa kwa wote. Je, walinenepa sawa? Hapana. Kwa wastani waliongezeka kilo 8.1, lakini aliyeongezeka kidogo alipata kilo 4.3 na aliyezidi wote alipata kilo 13.3. La ajabu ni kwamba pacha alifanana na pacha wake. Tofauti ya uzito kati ya jozi moja na nyingine ilikuwa kubwa mara 3 hivi kuliko tofauti ya ndani ya jozi, na kwa mafuta ya ndani ya tumbo ilikuwa kama mara 6. Kwa maneno mengine, chakula kinaamua kwamba utanenepa, lakini urithi una sauti kubwa katika kuamua utanenepa kiasi gani na wapi.

Walikuwa wanaume, tunakubali. Basi tuje kwa wanawake. Mwaka 2015 kundi kubwa la wanasayansi wa kimataifa lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 224,000, wengi wao wenye asili ya Ulaya. Walitafuta ni sehemu zipi za urithi zinazohusiana na uwiano wa kiuno na nyonga, bila kujali mtu ni mnene au mwembamba. Walipata sehemu 49. Kati ya hizo, 20 zilifanya kazi tofauti kwa wanaume na wanawake, na 19 kati ya hizo 20 zilikuwa na nguvu zaidi kwa wanawake. Uchunguzi uliofuata umeongeza idadi hiyo hadi mamia. Hakuna basi chembe moja ya makalio ambayo mtu anayo au hana. Ni mamia ya vitu vidogo vidogo, kila kimoja kikisukuma kidogo, na mwanamke husukumwa zaidi kuliko mwanamume.

Wapo wanaouliza kama urithi ni kila kitu. Si kila kitu. Umri una sehemu yake. Hedhi ikikoma na estrojeni kupungua, mafuta huanza kuhama kutoka nyonga kwenda tumboni, hata kwa mama ambaye mizani yake haijabadilika. Uzazi una sehemu yake, na chakula pia. Lakini anayeahidi kukupa nyonga za jirani yako kwa mwezi mmoja anaahidi kukupa shangazi mwingine, jambo ambalo halimo katika uwezo wake.

WALIPOLICHEKA, NA WALIPOLITAMANI

Tusifikiri kwamba macho ya watu yamekuwa yakitafuta umbo lile lile siku zote. Mwaka 1810 mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, Sarah Baartman, alipelekwa London na kuonyeshwa mbele ya watu kwa malipo kwa sababu ya ukubwa wa makalio yake. Umbo hilo lilikuwa la kurithi, la kawaida kwa wanawake wengi wa kwao. Wazungu walilipa kumtazama kama wanavyotazamwa wanyama. Mwaka 1814 akahamishiwa Paris, akafa huko mwishoni mwa mwaka 1815. Hata kaburi hakupewa. Mwanasayansi Georges Cuvier aliupasua mwili wake, na mifupa yake ikawekwa katika jumba la makumbusho, ambako watu waliendelea kuitazama hadi miaka ya 1970. Nelson Mandela aliomba arudishwe, na ilichukua miaka mpaka bunge la Ufaransa likakubali. Alizikwa Hankey, katika jimbo la Eastern Cape, tarehe 9 Agosti 2002, Siku ya Wanawake ya Afrika Kusini.

Miaka kama 60 tu baada ya kifo chake, mabibi wa Ulaya hiyo hiyo walikuwa wakifunga fremu za waya na vifurushi vya manyoya ya farasi chini ya magauni yao ili nyuma kuonekane kumetuna. Yule aliyezaliwa nalo alichekwa hadi kaburini, na wasiokuwa nalo wakalishona kwa fundi!

Hapa kwetu mitindo imegeuka pia. Leo vijana wanazungumza habari za shepu na umbo la namba nane, na madukani kuna chupi zenye sponji ambazo watu wameziita vigodoro. Sisi hatuna ugomvi mkubwa na kigodoro. Ni nguo, jioni kinavuliwa na kuanikwa. Ugomvi wetu ni na vile visivyovulika.

MBONA VILIMA HAVIKUNIPA?

Sasa turudi kwenye swali la kwanza la msomaji wetu, kwa kuwa ni swali zuri na wengi wa Njombe wanaweza kuliuliza. Mwanamke wa nyanda hizi anapanda na kushuka tangu utotoni. Anabeba ndoo ya lita 20 kichwani, anabeba kuni, anainama na jembe msimu mzima wa mahindi na viazi. Ikiwa kazi hujenga misuli, mbona wote hawana makalio makubwa?

Kwanza, si kila kazi inauamsha msuli ule mkubwa. Mwaka 2006 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walipima umeme wa msuli huo watu wakitembea na kukimbia. Waligundua kuwa katika kutembea tambarare karibu unalala, kazi ikifanywa na misuli mingine. Unaamka mtu anapokimbia au anapoinua mwili kutoka chini. Hivyo mwendo wa saa nzima katika barabara iliyonyooka ni mzuri kwa moyo na kwa kupunguza sukari mwilini, lakini kwa makalio haufanyi mengi.

Pili, na hapa ndipo penye jibu lenyewe, msuli hukua pale tu unapopewa mzigo uliouzidi uzoefu wake. Binti anapoanza kubeba ndoo, misuli yake inajengeka mpaka iitoshe ndoo ile. Baada ya hapo ndoo ni ile ile, kilima ni kile kile, na mwili hauoni sababu ya kuongeza. Unachofanya ni kujifunza kuitenda kazi ile kwa nguvu kidogo zaidi. Mama wa Igwachanya anayepanda kilima kwa miaka 20 ana misuli imara na isiyochoka upesi, pengine kuliko ya mtu wa mjini anayelipia ukumbi wa mazoezi. Lakini uimara si ukubwa.

Tatu ni chakula. Msuli unajengwa kwa protini. Mwanamke anayeamka alfajiri, akalima hadi saa 8 mchana kwa chai ya rangi na kiporo cha viazi, kisha jioni akawagawia watoto na mume maharage naye akabaki na mchuzi, mwili wake hauna matofali ya kujengea. Tena akiwa ananyonyesha, matofali machache aliyo nayo yanakwenda kwa mtoto. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Njombe walikuwa wamedumaa, katika mkoa unaolima mahindi, viazi, maharage na maparachichi. Fedha inayonunua kikopo cha mafuta ya kuongeza nyonga ingenunua mayai. Mayai hayo yangemfaa mama na mtoto wote wawili.

MAZOEZI YENYEWE

Basi anayetaka kujenga misuli ya nyuma afanye nini? Hahitaji mashine. Anahitaji dakika 30, mara 2 au 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati, maana msuli unakua wakati wa kupumzika na si wakati wa kazi. Aliyejifungua kwa kawaida asubiri wiki 6 hivi, na aliyejifungua kwa upasuaji amwulize kwanza mganga wake.

Zoezi la kwanza, ambalo tunalipenda kuliko yote kwa sababu haliumizi magoti, ni la kulala chali juu ya mkeka. Kunja magoti, nyayo zikae chini, kisha inua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka mabega hadi magotini. Kaza makalio, hesabu hadi 2, shuka polepole. Rudia mara 12, pumzika, kisha fanya tena mizunguko 2. Likiwa rahisi, tumia mguu mmoja. Likiwa rahisi tena, weka mzigo juu ya nyonga: mfuko wa mchanga wa kilo 5, baadaye 10. (Mama mmoja alituambia mzigo wake ni mtoto wake wa pili, naye hucheka kila anapoinuliwa. Tunaona ni mzigo mzuri, kwa kuwa unaongezeka uzito wenyewe kila mwezi.)

La pili ni kuchuchumaa na kuinuka. Wengi wetu tunachuchumaa kila siku, lakini kwa zoezi hili miguu iachane kidogo zaidi ya upana wa mabega, mgongo unyooke, visigino visiinuke, na mzigo ushikwe kifuani. Anza bila mzigo. Kisha shika galoni la lita 5, baadaye la lita 10. La tatu ni kupanda juu ya benchi au ngazi inayofika chini kidogo ya goti, mguu mmoja ukifanya kazi yote, bila kujisukuma kwa mguu wa chini. Hili linafanana na kilima, ila wewe ndiye unayeamua urefu na uzito wake.

Siri yote iko katika kuongeza kidogo kidogo. Marudio ya mwisho 2 au 3 yawe magumu kweli. Yakiwa mepesi, ongeza. Wiki za mwanzo utaona nguvu zinaongezeka bila umbo kubadilika, kwa sababu mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza kuiamuru misuli. Mabadiliko ya macho huja baada ya wiki 8 hadi 12, nayo hutofautiana, maana hata wepesi wa misuli kukua una urithi ndani yake. Pima kwa kipimo cha fundi cherehani mara moja kwa mwezi. Kupima kila siku ni kujisumbua.

Tuwe wakweli kuhusu mipaka. Mazoezi hayapeleki mafuta kwenye nyonga wala hayayatoi mahali unapopachagua. Mwenye nyonga nyembamba hatapata za mviringo wa chungu. Atapata makalio yaliyoinuka na kukaza, mapaja yenye nguvu na mgongo usiouma. Mambo haya tunayadharau tukiwa na miaka 25. Tukifika 60 ndipo tunapoona tofauti kati ya bibi anayeinuka chooni mwenyewe na yule anayehitaji kuvutwa mkono, au kati ya anayejikwaa akajizuia na anayeanguka akavunjika nyonga.

VIDONGE, MAFUTA NA SINDANO

Vidonge vya msomaji wetu havina jina, kwa hiyo mganga ndiye atakayesema ni nini. Lakini dawa mbili zinajulikana sana katika biashara hii ya kunenepesha, kuanzia Kongo hadi kwetu, na dalili alizozitaja zinafanana nazo mno.

Ya kwanza ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Hospitali inaokoa maisha: hutolewa kwa mzio mkali na kwa maradhi mengine mazito, kwa kipimo na kwa muda. Ikimezwa kiholela huhamisha mafuta, lakini si kuyapeleka tunakotaka. Huyapeleka usoni, uso ukawa wa duara kama mwezi, nyuma ya shingo, na tumboni. Na hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Dawa hii hula misuli, nayo huanza na misuli ya mapaja na nyonga. Dada anaimeza ili apate makalio, nayo inayamega kutoka ndani huku ikimjaza mashavu, naye akiona mashavu anasema dawa inafanya kazi! Huongeza pia sukari katika damu, hupandisha shinikizo, hudhoofisha mifupa na kupunguza kinga ya mwili.

Isitoshe, mtu aliyeimeza kwa wiki kadhaa hatakiwi kuiacha kwa siku moja kwa uamuzi wake mwenyewe. Juu ya kila figo tuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya namna hiyo. Ikiona inaletwa kutoka nje, tezi hulala. Dawa ikikatwa ghafla kabla tezi haijaamka, mtu anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, shinikizo kushuka na hata kupoteza maisha. Ndiyo sababu tulimwambia mama wa Igwachanya aende na vidonge mkononi. Mganga ataamua vipunguzwe vipi.

Ya pili ni saiproheptadini, dawa ya mzio ambayo huleta usingizi na njaa kubwa. Wengine huiuza kama sharubati ya kuongeza hamu ya kula. Anayeila kweli anakula, na ananenepa pale urithi wake unapotaka anenepe. Kwa wengi ni tumboni. Maelekezo ya dawa hii yanakataza kabisa mama anayenyonyesha kuitumia, maana inaweza kupunguza maziwa na kumdhuru mtoto mchanga. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu waache sharubati ya Apetamin, yenye dawa hiyo ndani, iliyokuwa ikiuzwa kwa wasichana wanaotafuta umbo.

Mafuta ya kupaka tutayapita haraka, kwa kuwa hayastahili wino mwingi. Hakuna mafuta yaliyothibitishwa kuongeza mfupa, msuli wala mafuta ya nyonga kwa kupakwa juu ya ngozi. Nchini Tanzania vipodozi vilisimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) hadi mwaka 2019, sasa viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kikopo kisicho na jina la mtengenezaji, tarehe ya kwisha wala orodha ya vilivyomo kisifunguliwe nyumbani mwako.

Wenye fedha huenda kwa wapasuaji, ambao hufyonza mafuta tumboni na kuyadunga nyuma. Mwaka 2018 vyama vya wapasuaji wa urembo duniani vilionya kwamba upasuaji huu ulikuwa na vifo vingi kuliko mwingine wowote wa urembo, kama kifo 1 kwa kila watu 3,000, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa wa damu ndani ya msuli husafiri hadi moyoni na mapafuni. Taratibu zimekazwa tangu hapo. Sindano za silikoni za vichochoroni ni hatari zaidi, na silikoni ikishasambaa nyamani mara nyingi haitoki yote.

Msomaji mwenye tatizo kama la mwenzetu wa Igwachanya, iwe Njombe mjini, Makambako au kijijini, anaweza kuanzia zahanati iliyo karibu. Hospitali ya Ilembula nayo iko katika wilaya hiyo hiyo ya Wanging'ombe. Ukifika, mwambie mganga mambo manne: umemeza nini au kina rangi gani, vingapi kwa siku, tangu lini, na kama unanyonyesha au una mimba. Omba upimwe sukari na shinikizo la damu. Ikiwa una kiu isiyokwisha, unakojoa mara kwa mara, au mtoto ananyonya huku akisinzia kupita kawaida, usisubiri zamu ya kliniki. Sema hivyo mapokezini, nao watakuingiza.